Kutafuta kambi za RV Marekani kwa kitabu cha mwongozo: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Kila mwaka watu wakianza kupanga likizo ya kiangazi, simu yangu haitulii. Familia nyingi za Waswahili huku Marekani sasa zinakodi RV, yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, na wengine wamenunua ya kwao. Gari lenyewe haliwasumbui sana. Kinachowasumbua ni pa kulala nalo. Hapa nimekusanya maswali yanayojirudia pamoja na majibu ninayotoa. Mimi bado nabeba kitabu cha mwongozo katika kila safari, na sioni sababu ya kukiacha nyumbani.

Simu ninayo mkononi. Kitabu cha nini tena?

Simu hujibu ulichouliza, na mgeni wa safari hizi hajui bado cha kuuliza. Ukitafuta kambi ya karibu itakuletea ya karibu, bila kujali kwamba RV yako ina kimo cha futi 12 na njia ya kuingilia inapita chini ya daraja la futi 11. Kitabu kinakuwekea jimbo zima mezani. Unafungua New Mexico, unaona miji iliyo njiani mwako, na chini ya kila mji kambi zake zimeandikwa kwa mtindo mmoja, vipimo vilevile, mpangilio uleule. Kulinganisha kunakuwa kazi ya dakika kumi na kalamu.

Halafu kuna suala la mtandao. Kwenye milima ya Colorado, majangwa ya Utah na Nevada, na ndani ya hifadhi nyingi za taifa, simu hukosa mawasiliano kwa saa nzima au zaidi. Safari yetu ya kwanza tuliingia magharibi mwa Texas jua likizama, simu zote mbili zimekufa mtandao, watoto watatu wako nyuma wanauliza tutakula saa ngapi. Mke wangu alikuwa amekunja kona ya ukurasa mmoja tangu asubuhi. Akasoma kwa sauti namba ya njia ya kutokea barabara kuu, maili za kwenda kusini, na upande ambao lango lipo. Tulifika kwa maneno yake tu.

Simu ina kazi yake, nitaieleza mbele. Kitabu ni cha kuchagulia, simu ni ya kuhakikishia.

Vitabu viko vya aina ngapi, na ninunue kipi?

Kinachojulikana zaidi ni cha Good Sam, klabu ya wenye RV iliyoanza mwaka 1966. Kimerithi kazi ya vitabu viwili vya zamani, Woodall's na Trailer Life, na nguvu yake iko kwenye kambi za watu binafsi. KOA, kampuni iliyoanzia Billings, Montana, mwaka 1962 na sasa ina kambi zaidi ya 500, ina kitabu chake kinachoorodhesha kambi zake peke yake. Kinafaa kwa anayetaka kujua mapema atakuta nini.

Vya bure usivipuuze. Ukivuka mpaka wa jimbo kwenye barabara kuu, mara nyingi utakuta kituo cha kukaribisha wageni, na ndani yake kuna rafu ya vitabu vya kambi za jimbo hilo, vimetolewa na chama cha wenye kambi au ofisi ya utalii. Mimi husimama hata kama hakuna anayehitaji choo.

Jambo moja la kuangalia: nani amelipia ukurasa. Tangazo la rangi lenye picha ya bwawa la kuogelea limelipiwa na kambi yenyewe. Ile mistari midogo iliyobanana chini ya jina la mji ndiyo ya kusoma kwanza. Na kambi za umma hupewa nafasi ndogo katika vitabu vya biashara, wakati nyingine ni nzuri mno. Kambi za Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, zilizo kando ya mabwawa waliyoyajenga wao, kwangu ni miongoni mwa bora nchini kwa bei yake, ila zinaweza kutajwa kwa mstari mmoja tu. Soma mistari mifupi kwa makini kuliko matangazo marefu.

Ukurasa umejaa vifupisho na namba. Nianzie wapi?

Huu hapa mfano niliotunga. Kambi yenyewe haipo, lakini imeandikwa kama vitabu vinavyoandika:

*Nafasi 62: 30 za kupita moja kwa moja (28 x 65), 32 za kurudi kinyumenyume (25 x 40). 48 W, E, S (30/50). 14 W, E (30). Ekari 9. Mwinuko futi 4,900. Aprili 15 – Oktoba 31. Kituo cha kumwagia. I-40, njia ya kutokea 102: kusini maili 1.2, kushoto.*

Anza na W, E na S. W ni maji ya bomba, E ni umeme, S ni bomba la maji taka pale pale unapoegesha. Zile 30 na 50 za kwenye mabano ni ampea za umeme, nitazieleza mbele. Kwa hiyo nafasi 48 zina kila kitu, na 14 hazina pa kumwaga. Ukipewa moja ya zile 14 utatumia matangi ya gari, kisha siku ya kuondoka unapita kwenye kituo cha kumwagia. Kwa usiku mmoja au mbili hilo si tatizo. Kwa familia ya watu sita wanaooga kila siku, tangi la maji ya kuogea hujaa upesi kuliko mnavyodhani.

Mabano yenye 28 x 65 ni upana na urefu wa nafasi kwa futi. Ya kupita moja kwa moja unaingilia mbele na kutokea mbele, na kwa dereva mpya hiyo ndiyo ya kuomba, hasa kama mtafika usiku. Ya futi 40 haiwezi kubeba RV ya futi 31 inayovuta gari dogo nyuma, mpaka uvifungue na kuegesha kimoja pembeni.

Mwinuko watu huuruka, na ndio unaokuambia blanketi ngapi mchukue. Futi 4,900 maana yake mchana wa joto unaweza kufuatwa na usiku wa kuvaa sweta. Tarehe nazo zinasema kitu: kambi nyingi za nyanda za juu hufunga maji kabla mabomba hayajaganda.

Sasa namba ya njia ya kutokea. Katika majimbo mengi namba hizo hufuata maili, zikihesabiwa kutoka mpaka wa magharibi au wa kusini wa jimbo. Ukiwa kwenye barabara kuu ya I-40 unaelekea magharibi na ukaona kibao cha maili 150, umebakiwa na maili 48 kufika njia ya 102. Hesabu hiyo haihitaji mtandao, wala betri.

Zile namba tatu, kama 9/10*/8, zina maana gani?

Ni alama za Good Sam, kila moja kati ya 10. Ya kwanza ni vifaa na huduma: barabara za ndani, umeme, maji, mashine za kufulia, sehemu za burudani. Ya pili ni vyoo na bafu, na nyota pembeni yake inamaanisha vilikutwa visafi sana. Ya tatu ni mwonekano wa kambi na mazingira yake.

Mimi husoma ya katikati kabla ya nyingine. Kambi ya 7/10*/7 naichukua kuliko ya 10/7/10, kwa sababu anayesugua bafu kila asubuhi kwa kawaida hasahau pia bomba linalovuja na taa iliyokufa.

Alama hizo hazipimi kelele. Tuliwahi kulala kwenye kambi moja yenye namba za kupendeza, nyasi zimekatwa, bafu zinanukia sabuni. Saa nane usiku treni ikapiga honi kama iko kitandani. Binti yangu mdogo alikaa wima, akashika ukuta kwa mikono miwili, hakulala tena mpaka kukapambazuka. Treni zilipita nne. Baadaye nikaelewa kuwa hakuna aliyekosea: sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa treni apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika panapokutana reli na barabara, usiku au mchana, isipokuwa sehemu zilizopewa ruhusa maalumu ya ukimya. Kambi nyingi za watu binafsi zimejengwa kati ya barabara kuu na reli kwa kuwa ardhi ya hapo ni nafuu. Tangu siku hiyo sichagui kambi bila kuitafuta kwenye ramani na kufuata mstari wa reli kwa kidole.

Ampea 30 au 50: kuna tofauti ya kunisumbua?

Ipo, na ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Nafasi ya ampea 30 inakupa laini moja ya volti 120, yaani wati 3,600. Ya ampea 50 ina laini mbili, jumla wati 12,000. Plagi zenyewe ni tofauti: ya 30 ina meno matatu, ya 50 ina manne.

Sasa fikiria jikoni kwetu. Julai, kiyoyozi kinanguruma juu ya paa, mtu anapasha wali kwenye maikrowevu, na mama anawasha birika la umeme la chai. Kwenye ampea 30 umeme utakatika hapo hapo. Chemsha chai kwenye jiko la gesi, chapati nazo ni za gesi vilevile, na umeme uachieni kiyoyozi. Kama RV yenu ina viyoyozi viwili, tafuteni 50 kwenye kitabu na msikubali kubembelezwa.

RV yetu ina futi 31. Tutaingia hifadhi za taifa?

Baadhi, ndiyo. Lakini kwanza pima gari kwa mkono wako, usitegemee karatasi ya mkodishaji. Pima urefu kutoka bampa ya mbele hadi kitu cha mwisho nyuma, pamoja na ngazi au kibebea baiskeli. Pima kimo hadi juu ya kiyoyozi. Andika namba zote kwenye kipande cha tepu, ukibandike mbele ya dereva. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokusomea kitabu.

Tazama Grand Canyon, ukingo wa kusini. Kuna kambi mbili ndani ya kijiji kimoja. Mather haina umeme wala bomba la maji taka kwenye nafasi zake, na mwisho wake ni futi 30. Trailer Village, hatua chache kutoka hapo, ina maji, umeme na maji taka, na hupokea hadi futi 50. Mwenye futi 31 anayesoma jina la hifadhi bila kusoma mabano anaweza kulipia nafasi isiyompokea. Na pale ni karibu futi 7,000 juu, hata Aprili maji huganda usiku.

Glacier, kule Montana, mtego uko barabarani. Kwenye barabara ya Going-to-the-Sun, chombo kinachozidi urefu wa futi 21 au upana wa futi 8, vioo vikihesabiwa, hakiruhusiwi katika sehemu ya juu kati ya Avalanche na Rising Sun. Kwenye ramani ya kitabu, kambi ya magharibi na ya mashariki zinaonekana majirani. Kwa RV yenu itabidi mzunguke kusini mwa hifadhi kwa barabara ya US-2. Kwa hiyo chagueni upande mmoja mkae huko.

Yellowstone ina kambi moja tu yenye maji, umeme na maji taka kwa pamoja, Fishing Bridge, na hapo hawakubali hema wala karavani zenye kuta za kitambaa, kwa sababu ni njia ya dubu wa grizzly. Yosemite, kikomo hubadilika kambi kwa kambi: Upper Pines futi 35, North Pines na Lower Pines futi 40. Nafasi zake nyingi hufunguliwa tarehe 15 ya kila mwezi, miezi mitano kabla, saa 1 asubuhi kwa saa za Pasifiki, na za kiangazi huisha ndani ya dakika chache. Hapo kitabu kimemaliza kazi. Uwe mbele ya kompyuta na ukurasa wa Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuhifadhi nafasi, umefunguliwa.

Nimepewa kitabu cha miaka kadhaa iliyopita. Kinafaa?

Kwa sehemu. Mwinuko haubadiliki, reli haihami, na kambi iliyo kando ya ziwa bado iko kando ya ziwa. Bei usiiamini hata ya mwaka jana. Mfano ni pasi ya wazee ya hifadhi za taifa: ilikuwa dola 10 mpaka Agosti 2017, ikapanda kuwa 80.

Ila njia za kupita ndizo zinazonitia hofu. RV hubeba mitungi ya gesi, na mahandaki mengine hayaipokei. Pale Baltimore, wenye gesi ya kupikia walizuiwa kwenye mahandaki ya bandarini, na vitabu viliwaelekeza wavuke kwa daraja la Francis Scott Key kwenye I-695. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2024, meli iligonga nguzo ya daraja hilo na likaanguka mtoni. Wafanyakazi sita waliokuwa wanaziba mashimo juu yake walikufa. Kitabu kilichochapishwa kabla ya hapo bado kinakupeleka kwenye daraja hilo. Pita upande wa magharibi wa I-695, na kila maelekezo ya kitabu cha zamani yalinganishe na ramani ya leo kabla hujawasha gari.

Nikipiga simu kambini niulize nini?

Taja urefu wa RV, kimo, na kama mnavuta kitu, kabla hujauliza bei. Kisha uliza idadi ya watu iliyomo kwenye bei. Kambi nyingi huhesabu watu wawili au wanne, na kila anayezidi huongezewa malipo. Kwa familia zetu, ambapo shangazi na binamu wawili huongezeka dakika ya mwisho, hilo linabadilisha bajeti. Wageni wa mchana nao huweza kutozwa.

Uliza pia umri unaokubalika, wa gari na wa watu. Baadhi ya kambi za binafsi hazipokei RV iliyozidi miaka 10, au hutaka kwanza picha yake. Nyingine ni za walio na miaka 55 na kuendelea, watoto hawalali hapo. Kitabu hutaja hayo kwa kifupisho ambacho jicho huruka.

Saa za ukimya kwa kawaida ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Muziki, na zile simu za nyumbani ambako kumeshakucha, zihamie ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa.

Kambi za bure zimo kwenye vitabu?

Chache. Ardhi ya umma iliyo chini ya BLM, idara ya shirikisho inayosimamia ardhi, huko magharibi hukuruhusu kulala bure sehemu nyingi, kwa kawaida siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, bila maji, bila umeme, bila choo. Karibu na Quartzsite, Arizona, wastaafu wanaokimbia theluji hulipa ada ya msimu wakakaa maeneo maalumu kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Maegesho ya maduka makubwa ni uamuzi wa meneja wa duka na sheria ya mji. Ingia ndani umwombe. Kwa safari ya kwanza yenye watoto sishauri lolote kati ya haya. Lipeni mpate bomba.

Wazazi wetu ni wazee na wana kadi ya kijani. Kuna nafuu?

Ipo. Pasi ya wazee ni ya raia na wakazi wa kudumu waliofikisha miaka 62, dola 80 kwa maisha yote au 20 kwa mwaka. Inalipia kiingilio cha walio garini naye, na katika kambi nyingi za serikali ya shirikisho, zikiwemo za wale Wahandisi wa Jeshi, hupunguza bei ya nafasi kwa nusu. Mwenye pasi awepo mwenyewe.

Mama anasema: "Nimekaa kambini miaka 17. Mwanangu, unanirudisha kambini?"

Swali hili nimelipata zaidi ya mara moja, kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na wengine waliopitia ile ya Kakuma, Kenya. Neno ni lilelile, kambi, na anayelisikia hasikii nyasi na moto wa kuni. Anasikia foleni ya maji.

Msimcheke, wala msimwambie "hii ni tofauti" mkaishia hapo. Kwanza mwacheni yeye akatae au akubali. Hoteli zipo na hakuna ubaya. Akikubali, kitabu kinaweza kuwasaidia kumchagulia. Chukueni idadi ya nafasi, mgawanye kwa ekari. Ule mfano wangu, nafasi 62 kwenye ekari 9, ni karibu 7 kwa ekari: safu zimepangana, mlango kwa mlango, uzio pembeni. Tafuteni kambi yenye nafasi mbili au tatu kwa ekari, ambayo mara nyingi ni hifadhi ya jimbo yenye miti kati ya jirani na jirani. Someni kama lango hufungwa usiku, na kama hufungwa, ulizeni namba ya kulifungulia mumpe yeye aishike. Chagueni nafasi yenye W ili bomba liwe mlangoni pake. Fikeni mchana, saa 9 hivi, azunguke kwa miguu na aone barabara ya kutokea kabla jua halijazama.